Mkono wa Kushoto wa Mama Pasi

11 Machi

Leo nimefungwa pingu. Wao wanaiita saa. Ni utepe mweusi wa mpira wenye kioo kidogo kisichozidi ukucha wa dole gumba, na kazi yake ni kuhesabu kalori ninazounguza nikiwa kazini. Meneja amezigawa mwenyewe kwenye ukumbi wa chakula, akituita mmoja mmoja mbele kama wahitimu. Pembeni yake alisimama mwalimu wa mazoezi waliyemwajiri mwezi uliopita, shingo nene, tabasamu jepesi. Tulishampa jina kabla hajafungua mdomo: Kocha.

"Vaeni mkono msioandikia," Kocha akasema. "Msivue mpaka zamu iishe. Kila Ijumaa nitaziunganisha na kompyuta tuone nani anautumia mwili wake."

"Wangu umetumika miaka kumi na tisa bila kuhesabiwa na mtu," nikasema.

Watu wakacheka. Meneja hakucheka, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Mimi ni msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali hii. Kila shuka alilolalia mgonjwa, kila koti la daktari, kila blanketi la mtoto, lazima lipite mikononi mwetu. Tuko tisa. Naandika kwenye daftari la zamani la kuhesabia mashuka, kurasa zilizobaki, kwa sababu nikiyasema haya kwa mdomo nitafukuzwa.

12 Machi

Mvua imeanza. Kalori 212. Sijui kama ni nyingi au chache.

15 Machi

Ni chache. Kocha amebandika karatasi ukutani, majina yote, rangi tatu kama taa za barabarani. Kijani ni wanaojituma, njano ni wa wastani, nyekundu ni wavivu. Mimi niko kwenye nyekundu. Mimi huyu! Wiki hii mvua haijakata, kamba za nje hazitumiki, nimesukuma toroli la nguo mbichi kutoka wodi ya juu hadi chini mara ishirini na kitu kwa siku, mpaka kiuno kinaita jina la mama yangu.

Na nani yuko juu kabisa kwenye kijani? Karani wa stoo. Mtu anayekaa kwenye kiti kuanzia asubuhi hadi jioni, mtu ambaye ukimwomba sabuni anakuonyesha kwa kidevu iliko. Kalori 640 kwa siku. Kanyoosha vidole viwili kama aliyeshinda mbio.

Nilimpelekea mume wangu ile saa. Yeye ni fundi redio, kila kitu chenye skrubu anakiona kama mgeni aliyekuja kumtembelea. Akaigeuza geuza, akaimulika.

"Hii taa ya kijani ya nyuma ni pambo tu," akasema. "Haisomi mapigo ya moyo. Ndani kuna kidude kinachosikia mtikisiko. Ukitikisa mkono, inahesabu. Mkono ukitulia, inajua umekaa."

"Nikisukuma toroli?"

"Mikono yako imeshika bomba. Imetulia. Kwa hii saa, mke wangu, wewe wiki nzima umekaa."

Akacheka mpaka akakohoa. Sikuona cha kucheka.

18 Machi

Nimemfumania karani. Ameivaa saa kwenye kifundo cha mguu, chini ya meza, mguu unacheza kama cherehani. Aliponiona akaweka kidole mdomoni.

22 Machi

Nyekundu tena. Mvua.

27 Machi

Mama Pasi, mpiga pasi wetu, yuko chini yangu kwenye karatasi, wa mwisho kabisa. Kalori 94. Leo nilimkuta anaitazama saa yake kwa macho ya mtu aliyepewa barua ya lugha ngeni. Kioo kilikuwa kinaonyesha kikatuni cha mtu amelala kitandani.

"Inasema nini, msimamizi?"

"Inasema umepumzika vizuri."

Akatazama rundo la mashuka mbele yake, akatazama saa, akarudi kwenye pasi. Ana miaka ishirini na mbili mbele ya ile meza. Hapigi soga, hapitwi na shuka lenye mkunjo, na amebakiza miaka miwili kustaafu.

"Hamishia mkono wa kulia," nikamwambia. "Wenzako wote wamehamisha."

"Nimeambiwa wa kushoto."

"Kocha hatakuja kuangalia."

"Lakini nimeambiwa wa kushoto," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo. Mama Pasi akishasema, amesema.

29 Machi

Sasa nimeelewa kwa nini Meneja hakucheka siku ile. Leo ametukusanya, akasema mvua zikiisha kutakuwa na mpangilio mpya. Kila idara, mtu wa mwisho kwenye karatasi atawekwa zamu nusu kuanzia Juni. Msimamizi wa idara ndiye atakayesaini jina lake. Akasema "takwimu hazina upendeleo".

Zamu nusu si saa chache tu za kazi. Anayewekwa zamu nusu anahesabiwa kibarua, na kibarua hastaafu, anaachwa tu. Miaka yake yote ya nyuma inafutika. Nimemtazama Mama Pasi. Alikuwa anakunja kitambaa cha meza, pembe kwa pembe.

Nimekuja nyumbani nimewaka. Mume wangu amesogeza redio zake mbali na mimi.

2 Aprili

Nimegundua namna. Nasukuma toroli kwa mkono wa kulia, wa kushoto naurusha mbele na nyuma kama mwanajeshi. Naonekana mwehu. Kalori 431.

5 Aprili

Kijani! Wa tatu hospitali nzima. Kocha amenipigia makofi. Najua ni upuuzi, lakini niliisoma ile karatasi mara mbili, na wakati wa kwenda nyumbani nikapita tena pale ukutani ingawa si njia yangu.

10 Aprili

Mashine moja ya kukaushia imekufa. Imebaki moja, na wodi zimejaa watoto wenye homa. Mashuka yanaletwa kwa milima. Kila kona ya chumba ni unyevu, hata daftari hili limelainika.

Wodi ya wazazi walipiga simu mara tatu kuuliza mashuka. Nikaenda kwa Mama Pasi, nikamkuta amesimama vile vile, taratibu, anavuta ukingo wa shuka, anapitisha pasi, anavuta tena. Nami nilikuwa nimetoka kukimbia na toroli, mkono unapepea, na karatasi ya ukutani imeniingia kichwani bila mimi kujua.

"Mama Pasi, ndiyo maana unapata tisini," nikasema. "Changamka kidogo! Hata saa inaona."

Wote walisikia. Mama Pasi alinitazama tu kidogo kisha akashusha macho kwenye shuka.

Naliandika hili kwa sababu nimesema nitaandika kila kitu. Lakini ukweli wenyewe, leo alasiri bado nilikuwa naamini nina haki.

12 Aprili

Kijani. Wa nne. Karani wa kwanza, kama kawaida. Mguu wake utavimba.

18 Aprili

Siku ya vituko. Asubuhi bomba la maji lilipasuka, nikavua saa nisiilowanishe, nikaitia mfuko wa aproni. Aproni ikalowa, nikaivua nikaitupa kwenye kapu, mtu akaipeleka kwenye mashine ya kukaushia pamoja na mablanketi, mzunguko wa vuguvugu, wa dakika arobaini. Nilikumbuka saa sita kwamba mkono uko wazi. Nikatafuta kila mahali, jasho linanitoka, kwa maana amri ni kwamba atakayeipoteza atailipa.

Mama Pasi akanijia na aproni yangu. Ameshaipiga pasi, ameikunja, na juu yake ameiweka saa, kioo kikitazama juu.

"Ilikuwa mfukoni," akasema. "Imezunguka."

Kioo kilikuwa kinarusha nyota na vikombe vya ushindi. Kalori 2,870.

19 Aprili

Nilikusudia kumweleza Kocha kabla hajaunganisha kompyuta. Haki ya nani nilikusudia. Lakini alikuja mapema, nami nilikuwa wodini, na niliporudi karatasi ilikuwa ukutani, jina langu juu ya la karani, na wenzangu wananipigia vigelegele. Karani uso umemshuka kama keki iliyotolewa jikoni mapema. Nikasema moyoni nitamweleza Jumatatu.

22 Aprili

Jumatatu imepita.

26 Aprili

Wamenivisha kilemba cha ukoka, nami nikainamisha kichwa wanivike vizuri.

Ukumbi wa chakula, wafanyakazi wote. Meneja akasema mimi ni mfano, kwamba mtu wa rika langu, mwenye mwili wangu, ameweza kuwashinda vijana. Mwenye mwili wangu! Akanipa cheti. Wakanipiga picha na Kocha, mkono wenye saa juu. Picha imebandikwa mlangoni. Miaka kumi na tisa nimefua damu za watu na matapishi ya watoto, nimekuja na homa, nimekuja siku ya tatu baada ya kumzika baba yangu, sikuwahi kuambiwa ahsante na ofisi ile. Leo napewa cheti kwa kazi iliyofanywa na mashine ya kukaushia!

Nilipowaangalia watu nilimwona Mama Pasi nyuma. Alikuwa anapiga makofi, taratibu, kama wenzake. Yeye pekee katika ukumbi ule alijua, na alipiga makofi.

Mvua haijakata siku ya tisa.

3 Mei

Fomu ya idara yetu imekuja, jina limeshachapwa. Nimesaini.

6 Mei

Nimekaa siku tatu bila kuandika. Haya, niandike.

Nilijitetea kwamba nisiposaini atasaini mwingine, kwamba agizo ni agizo, na kwamba lawama zimwendee Meneja. Maneno mazuri yote hayo. Leo asubuhi Mama Pasi alikuja kwenye meza yangu. Hajawahi kuja kwenye meza yangu. Ni mimi huwa naenda kwake.

"Umesaini?"

"Nimeagizwa, Mama Pasi. Unajua mambo ya ofisi."

"Sikukuuliza umeagizwa na nani. Nimekuuliza umesaini?"

"Nimesaini."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu.

"Siku ile ningeweza kuiacha ndani ya mashine," akasema. "Ingekufa, ungelipa. Niliitoa kwa sababu ni yako."

"Mama Pasi..."

"Mkono huu," akauinua wa kushoto, na saa yao juu yake, "ndio unaoshika nguo isikimbie. Huu wa kulia hata mtoto anaweza. Unaona unavyopiga kelele na pasi, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Wa kushoto ukilegea, shuka lote bure. Kazi yake ni kutulia. Nimeutuliza miaka ishirini na mbili, msimamizi. Na wewe ukaja ukaniambia nichangamke."

Nikaangalia kile kiganja. Mvuke wa pasi umekilainisha, hakina hata mistari ya kawaida ya kiganja. Miaka kumi na tisa chumba kimoja na sikuwahi kukiona.

Nilimweleza mume wangu jioni tukila. Nilipofika kwenye mashine ya kukaushia alicheka, kama nilivyojua atacheka. Kisha akaacha kijiko.

"Kwa hiyo wewe uliyezungushiwa saa na mashine una cheti, na aliyekuokotea saa anafukuzwa?"

"Hafukuzwi. Zamu nusu."

"Mke wangu," akasema, "hilo jibu ni la Meneja."

Nikamkasirikia. Nilikasirika mpaka nikaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa visafi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na changu kilikuwa kwenye mfuko wa aproni.

8 Mei

Kalori 388. Mkono wangu bado unapepea wenyewe nikisukuma toroli. Nimejishika mara mbili.

10 Mei

Naandika kabla hata sijavua viatu.

Meneja na Kocha walikuja chumbani kwetu saa nne kusoma jina rasmi mbele ya idara. Meneja amevaa saa kama yetu, maana yeye naye yumo kwenye karatasi, kijani siku zote. Anatembea tembea sana korido, mikono inarushwa. Alipofungua faili nikasema, "Kabla hujasoma, naomba saa yako."

"Saa yangu?"

"Dakika kumi tu. Kuna kitu Kocha anatakiwa kukiona."

Labda alidhani bingwa wake ana mbinu mpya ya kuonyesha. Akaivua akanipa. Nikaitia kwenye foronya, nikafunga fundo, nikaitupa kwenye mashine ya kukaushia pamoja na mito saba, nikawasha.

"Unafanya nini wewe!"

"Nakufanyisha mazoezi, Meneja."

Hakuna aliyecheka. Dakika kumi ni ndefu ukiwa umesimama mbele ya mkubwa wako na mashine inazunguka. Mvua ilikuwa inapiga bati. Meneja alisema mara mbili nizime, na mara mbili nikasema bado. Mama Pasi hakusimamisha kazi. Nilisikia pasi yake nyuma yangu, na kila mara alipovuta shuka nilisikia kile kimya kidogo cha mkono wa kushoto.

Nikazima, nikafungua fundo, nikampa Kocha. Aliunganisha na kompyuta yake ya mkononi, akasoma kimoyomoyo.

"Soma kwa sauti," nikasema.

"Kalori mia saba na kumi na tano," Kocha akasoma. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Hongera, Meneja. Umekimbia vizuri." Hapo hasira zilikuwa zimenipanda mpaka sauti imekuwa nyembamba. "Na mimi ndivyo nilivyokuwa bingwa wenu. Saa yangu ilizunguka humo dakika arobaini, kwenye aproni. Nilijua, nikapokea cheti, nikapigwa picha. Njia ya mwongo ni fupi, nami nimefika mwisho wa yangu. Kuna watu wengine humu hospitalini wamevaa saa miguuni, sitawataja, wanajijua. Na kuna mtu mmoja tu aliyevaa mlivyomwambia avae, siku zote, bila kuihamisha, bila kuitikisa. Huyo ndiye mliyemwandika mvivu. Na mimi nikasaini. Saini yangu naiondoa."

"Saini haiondolewi," Meneja akasema.

"Basi iandikwe chini yake kwamba ni ya mwongo."

Aliyejibu ni Kocha, na sikutegemea.

"Meneja, nilikwambia tangu Machi," akasema, huku akitazama kompyuta. "Hizi ni za mazoezi, mtu ajipime mwenyewe na jana yake. Sikukwambia zipange watu."

Miezi miwili nimemchukia yule kijana kwa sababu ya shingo yake.

Meneja alifunga faili bila kusoma jina. Akaondoka, na saa yake imebaki kwenye kompyuta ya Kocha. Nilipogeuka, Mama Pasi alikuwa ananitazama.

"Ungesema siku ile ile," akasema.

"Najua."

"Sawa," akasema, akachukua shuka jingine.

14 Mei

Hakuna neno kutoka juu. Picha yangu imebanduliwa mlangoni, gundi imebaki.

17 Mei

Barua mbili. Ya kwanza ni tangazo: mpangilio wa zamu nusu "umesitishwa kwa mapitio zaidi". Mama Pasi anabaki zamu kamili. Aliisoma mara moja, akaikunja pembe kwa pembe, akaitia mfukoni.

Ya pili ni yangu. Kwa kosa la kudanganya takwimu za afya, naondolewa usimamizi kuanzia Jumatatu na kupangiwa meza ya pasi. Sina la kubisha kwa hilo, cheti nilikipokea kwa mikono yangu miwili. Lakini nimeambiwa nani ananirithi usimamizi. Karani wa stoo! "Kutokana na rekodi yake nzuri ya kujituma." Nilipiga kelele mpaka mume wangu akazima redio ya mteja ili anisikie vizuri.

20 Mei

Siku ya kwanza mezani. Mashuka sitini. Mama Pasi amerudisha arobaini na nne.

21 Mei

Amerudisha thelathini.

24 Mei

Mvua imepungua. Nimeungua kiganja kwa mvuke. "Usiukimbize mkono," Mama Pasi ananiambia. "Utulize." Wa kulia hauna shida yoyote, unaenda na kurudi. Wa kushoto, kuanzia bega mpaka kidole cha mwisho, unaomba msamaha. Jioni nilishindwa kuinulia kikombe cha chai, nikanywa kwa wa kulia, na mume wangu akajifanya hakuona.

31 Mei

Jua, hatimaye. Kamba za nje zimejaa mashuka na chumba kinanuka ukavu.

Leo zilikuwa zinakusanywa saa zote, zirudishwe kwenye sanduku. Nikaivaa yangu kwa mara ya mwisho, mkono wa kushoto, kama tulivyoambiwa siku ya kwanza. Nilipiga pasi kuanzia saa mbili hadi saa tisa bila kukaa, makoti ya madaktari na mashuka ya wodi mbili, na Mama Pasi hakurudisha hata moja. Mgongo ulikuwa umeloa. Saa ikatetemeka. Nikatazama.

Kalori 88. Na kile kikatuni, kimelala kitandani, shuka hadi kidevuni.

"Tazama!" nikamwambia Mama Pasi, nikamsogezea mkono mpaka karibu na pua. "Tazama wanavyonitukana! Nimesimama tangu asubuhi, nimekufa, nimekwisha, na hiki kidude kinasema nimelala!"

Mama Pasi aliitazama muda mrefu. Tangu Aprili alikuwa hajacheka mbele yangu, na leo kicheko kilimtoka tumboni, akaegemea meza, pasi akaishikilia juu isiunguze nguo.

"Basi amka," akasema. "Yamebaki mashuka mia mbili."